Mwarobaini Ulioalikwa kwa Jina la Salha

— Paukwa!
— Pakawa!
— Mmekaa vizuri?
— Tumekaa!
— Basi sogeeni, maana hii siisemi kwa sauti kubwa.

Hapo kale, miti ilipokuwa bado inabishiwa hodi kabla ya kuchumwa, alikuwapo mwanamke mtengeneza dawa, jina lake Zuwena. Alikuwa mjane, na mtoto alikuwa naye mmoja tu, Salha, wa miaka tisa.

Dawa Zuwena alifundishwa na Keshavji, tabibu aliyetoka Bara Hindi na maarifa ya kwao. Manjano kwa kidonda, mrehani kwa kifua, mwarobaini kwa ngozi na homa. Na kila siku Keshavji alimkumbusha jambo moja.

"Zuwena, mti ni mgeni. Mgeni haburutwi, hualikwa. Nenda siku moja kabla, umeoga. Ufunge uzi wenye manjano. Mtaje mgonjwa kwa jina lake na jina la mama yake. Kesho yake chuma kimya kimya. Mti utamwendea huyo uliyemtaja."

"Nimesikia, Tabibu."

Alisikia, jamani. Kusikia alisikia.

Siku moja akaja Mbarouk, kijana mtanashati, harusi yake imebaki siku tano. Kanzu imemfika vifundoni, mikono kaificha. Alipoitoa, lo! Upele viganjani, upele kwapani, upele hata pale ambapo mbele ya watoto hawa sipataji.

"Bi Zuwena, nisitiri."

"Nitakualikia ule mwarobaini wa mtaani. Kesho utaoga maji yake."

"Na jina langu utalitaja?"

"Lazima nilitaje."

"Wee! Nyumba ya wakwe zangu iko nyuma ya mti huo huo. Mtu akikusikia, nimekwisha! Taja jina lolote, nitakuletea doti mbili za kanga."

Zuwena akacheka. Mti una masikio gani? Alasiri akaenda, akafunga uzi, akafungua kinywa. Jina la kwanza lililomjia ulimini ni lile alilolizoea kuliko yote.

"Ewe mwarobaini, nakualika kesho. Mgonjwa ni Salha binti Zuwena."

Upepo ulikuwa unavuma, lakini hakuna jani lililotikisika.

Kesho yake akachuma, akachemsha, Mbarouk akaoga. Upele haukusikia kitu. Lakini adhuhuri, jua la utosi, watu wote wamelala, Salha akaamka kitandani.

"Mama, umeniita?"

"Sijakuita."

Kitandani kumejaa majani mabichi ya mwarobaini. Na uani kwao hapakuwa na mwarobaini! Zuwena akayafagia. Jioni akampa mtoto kipande cha halua, mtoto akakitema.

"Mama, chungu."

Siku ya pili, adhuhuri.

"Mama, umeniita?"

"Sijakuita."

Jasho la mtoto lilikuwa la kijani. Nzi hawakutua mwilini mwake, mbu hawakumuuma. Siafu walikuja mpaka kizingitini, wakageuka wote.

Siku ya tatu, adhuhuri. Sakafu ikapasuka chini ya kitanda. Mzizi mmoja mwembamba ukapanda mguu wa kitanda, polepole, ukampapasa mtoto kifuani. Na sauti ikasema:

"Salha mwanangu, ugonjwa wako uko wapi? Naupekua siuoni."

Sauti hiyo, jamani, ilikuwa ya Zuwena. Na Zuwena alikuwa amekaa pale pale, kafumba mdomo.

Alikimbia kwa Keshavji bila viatu. Akamweleza yote. Tabibu akaweka mchi chini.

"Umeualika kwa mtu mzima wa afya? Dawa isipokuta ugonjwa, hula uzima."

"Niufukuze vipi?"

"Mgeni umemwalika wewe, huwezi kumfukuza. Mwenye upele akajitaje mwenyewe mbele ya mti, kabla ya adhuhuri ya kesho. La sivyo, mtoto huna."

Akakimbia kwa Mbarouk. Akampigia magoti.

"Bi Zuwena, harusi ni keshokutwa! Nikajitangaze upele?" Mlango ukafungwa.

Zuwena alilia njia nzima. Alijichukia, akachukia na kanga zenyewe. Lakini karibu na nyumbani akasimama. Akajiuliza: dawa inamfuata mgonjwa, je, inamfuata maiti?

Kulipokucha akamnyoa mtoto nywele, akamwogesha kwa manjano. Akamnong'oneza sikioni jina jipya, kama anavyopewa mtoto wa siku saba.

"Wewe ni Tabu. Salha si wewe tena. Yeyote atakayekuita Salha usimwitike, hata nikiwa ni mimi."

Kisha akakata mgomba, akauosha, akauvika sanda, akaulaza kitandani. Akamficha Tabu nyuma ya mlango.

Adhuhuri ikafika. Mzizi ukapanda.

"Salha?"

"Salha amekufa!" Zuwena akapiga ukelele wa msiba. "Umechelewa, amekufa!"

Mzizi ukaupapasa mgomba. Baridi. Maji maji.

"Salha?"

Nyuma ya mlango Tabu alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Salha mwanangu?"

Hiyo ya tatu ilikuwa sauti ileile inayomwamsha asubuhi, inayomwita kula. Machozi yalimtoka, lakini hakuitika. Mzizi ukashuka, ukarudi ardhini.

Wakauzika mgomba, kaburi kamili. Mbarouk naye akaoa, akijikuna mbele ya kadhi mpaka wakwe wakanong'onezana. Na Tabu ulimi wake ukarudi, akala halua, akakua, akazaa. Zuwena hakulitaja tena lile jina, siku wala mwaka.

Mpaka alipozeeka. Homa ikamshika, akili ikampotea. Tabu alikaa kitandani kamshika mkono.

"Yuko wapi Salha wangu?"

"Nipo, mama. Mimi Tabu."

"Tabu simjui. Namtaka Salha. Sa..."

Ilikuwa adhuhuri. Chini ya kitanda sakafu ililia, kidogo tu. Tabu alitamani kuitika "labeka", mara moja, mara moja tu, mama yake asikie. Badala yake akamwekea kiganja mdomoni, taratibu, huku akilia.

Zuwena akafa jioni ile, akiamini, maana Salha hakuitika, kwamba mwanawe alikufa kweli zamani, akiwa na miaka tisa, na kwamba yeye mama ndiye aliyemzika.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.