Wekundu Uliobaki Kwenye Kitambaa cha Mbodze

Enzi hizo, wajukuu zangu, wekundu haukuwa wa watu. Ulikuwa wa vyungu. Wafinyanzi waliuchimba ukingoni mwa mto, wakausaga, wakauchanganya na mafuta ya nyonyo, wakaipambia mitungi yao. Midomo ya wanawake ilikaa kama ilivyozaliwa, na hakuna aliyeona kasoro.

Katika nchi hiyo aliishi mfinyanzi aitwaye Mbodze na bintiye wa pekee, Nyamvula. Moshi wa kuchomea vyungu ulimla Mbodze macho kidogo kidogo, hata akabaki kuona rangi moja tu, nyekundu. Ndipo Nyamvula akaposwa ng'ambo ya milima, mahali ambapo mtu akienda harudi. Hakuililia safari. Alilia kwa kuwa mama yake angemuaga bila kumwona akitabasamu, na tabasamu hilo Mbodze alilipenda kuliko kitu chochote.

Siku ya kuondoka akapata wazo. Akaazima wekundu wa vyungu wa shangazi yake, mfinyanzi pia, ule uliosifiwa na kila mtu, akajipaka midomo ungali majimaji, akamkimbilia mama.

Mbodze akapiga ukelele. "Nani amekupiga, mwanangu? Mbona kinywa chavuja damu?"

Nyamvula alipoeleza, mama akamshika mkono. "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Huo ni wekundu wa vyungu vya shangazi yako, si wa ngozi yako. Tena udongo mbichi ni mwongo. Umekulia kwenye udongo na hilo hulijui? Upake mkononi, usimame juani, uache ukauke, ndipo uutazame."

Nyamvula akajifuta, akashuka mtoni kuchimba wake mwenyewe. Mmoja ulimzeesha, mwingine ulififia ulipokauka. Wasindikizaji wakawa wanamwita kwa hasira, jua linakwenda, naye bado amenyoosha mkono juani. Mwishowe akapata wekundu wenye weusi kidogo, uliotulia kwenye ngozi yake kana kwamba ulikuwepo siku zote. Akajipaka taratibu, kuanzia katikati ya mdomo kwenda pembeni, akapiga magoti mbele ya mama yake, akatabasamu.

"Nakuona," Mbodze akasema huku machozi yakimtoka. "Nakuona, mama."

Nyamvula akamvua kitambaa cha kichwani, akakibana kati ya midomo yake, akamrudishia kikiwa na alama. Hawakuonana tena. Kila asubuhi Mbodze alikikunjua kitambaa kile na kukitazama, na alipokufa alizikwa nacho.

Na tangu siku hiyo, mwanamke hujaribu wekundu mkononi kwanza, mahali penye mwanga, na mwenye busara haazimi wa mwenziwe. Akishajipaka hubana kitambaa kati ya midomo, au hata kipande cha karatasi, kisha hukitupa. Wengi hawajui kwamba hapo mwanzo hakikuwa cha kutupwa. Kilikuwa cha kumwachia mama.