Kwaya ya Bi Chura

Sogeeni, wajukuu. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima mpunga na kugombea mipaka kama sisi, bonde zima lilijaa vyura. Kisha Tembo na shemeji yake Nyati wakanogewa na vitunguu. Wakakausha jaruba moja la mpunga ili wavipande, wakakausha jingine. Vyura wakahama, wengi wakafia njiani. Likabaki jaruba moja tu lenye maji, na humo alikaa Bi Chura na wanawe, viluwiluwi ambao hawajaota hata miguu.

Siku moja akawasikia wakubwa hao ukingoni.

"Shemeji, kesho tuzibue mlango wa chini, maji yatoke," alisema Tembo.

"Tuzibue. Miche ya vitunguu inaninyaukia nyumbani," akajibu Nyati.

Bi Chura akawageukia wanawe. Walihitaji siku chache tu wapate miguu ya kukimbilia.

Akakumbuka desturi ya bonde: vyura wakiimba kwa wingi, mvua imekaribia, na hakuna anayehangaika kumwaga maji, maana jaruba litajaa tena. Lakini yeye alikuwa mmoja.

Jioni akaingia ndani ya chungu kilichovunjika, akaimba kwa sauti nzito: kroo, kroo. Akaruka, chubwi, akajibanza chini ya jani la gimbi: kri, kri, kri. Chubwi, mpaka kwenye shimo la kaa: krong. Akazunguka hivyo hadi koo likamwasha.

Tembo akatega masikio. "Shemeji, unasikia? Kumbe wamerudi wote."

"Basi mvua hiyo. Mlango wa chini tusiuguse."

Bi Chura akacheka peke yake. Majitu mazima yamechezewa na koo moja.

Asubuhi akamkuta Nyati anashindilia udongo kwenye mlango wa juu, unaoingiza maji ya mfereji.

"Bwana Nyati, mbona unaziba na huku?"

"Mvua ikikutana na maji ya mfereji, kingo zitabomoka. Ndivyo tufanyavyo siku zote."

Hilo Bi Chura hakulijua. Yeye aliishi majini. Mambo ya milango yalikuwa ya wenye majembe.

Mvua haikuja. Jua likawaka, maji yakawa tope, viluwiluwi wakaanza kulaliana wakitafuta unyevu.

"Bwana Nyati, nakuomba ufungue. Hakuna mvua."

"Vyura wote wa bonde wamesema ipo. Nimsikilize nani, wewe au wao?"

"Wao ni mimi. Niliimba peke yangu."

Nyati akacheka hadi machozi. "Chura mmoja apige kelele zile? Nenda kapumzike, mama. Una hofu tu."

Akarudi topeni, akawalalia wanawe ili awakinge na jua, akawalilia. Kule nyumbani Tembo akaisikia sauti yake. "Mvua hiyo," akasema, "haiko mbali."

Ilipokuja, haikukuta kiluwiluwi hata mmoja.

Hadithi imeishia hapo, na funzo lake ni hili: uongo huweza kumshinda mkubwa, lakini haujazi maji jarubani.