Koti la Mwavuli la Masatu Bwire

Kabla ya kulaumu koti, onja maji. Mmeyasikia maneno haya asubuhi nilipomwambia Majura, aliyekuwa anamfokea dada yake kwamba amemharibia redio, mkacheka kwa sababu mlidhani bibi yenu ameanza kuchanganya mambo. Sijachanganya. Wekeni hizo simu chini, msogee, maana msemo huu una mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mvuvi wa hapa hapa Kabwera, jina lake Masatu Bwire.

Masatu alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimu mara mbili kwa siku, atakuuliza unataka nini. Ukimpa samaki wa bure, atamgeuza, atamfunua mashavu, atamnusa, kisha atampa paka kipande aonje kwanza. Mkewe akikoroga uji kimya, Masatu anawaza kuna jambo linafichwa. Akiukoroga huku anaimba, ndiyo kabisa. Lakini kazi aliiweza, na mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, walimheshimu.

Mwaka huo alilazwa wiki tatu kwa nimonia. Siku ya kutoka, mganga wa zahanati hakumzunguka. Alimwambia, kifua hiki kikishinda na maji tena, uvuvi ndiyo basi. Na Masatu hakujua kazi nyingine, shamba lenyewe lilikuwa mawe matupu. Kwa hiyo kabla ya kurudi ziwani ilimbidi atafute koti la kuzuia maji.

Msidhani kiangazi mvuvi halowi. Mvua hakuna, ni kweli, lakini mtumbwi ukipambana na upepo mawimbi yanakurukia, na nyavu za sangara zikivutwa zinakumwagia maji kifuani tangu alfajiri. Na jua nalo linawaka. Koti la mpira alilokuwa nalo alilivaa siku moja tu. Kufika saa tano kizunguzungu kikamshika, wenzake wakamdaka mkanda asitumbukie. Akanunua la plastiki gulioni, likanasa kwenye msumari wa mtumbwi likachanika toka kwapani hadi kiunoni. Likabaki moja tu la kujaribu, na hilo ndilo alilolitilia shaka kuliko yote.

Lilikuwa la fundi Nyamisi, mwanamke aliyehamia kutoka kisiwa cha Ukara na watoto wawili na cherehani. Nyamisi alikusanya miavuli iliyovunjika, akavua vitambaa, akaviunganisha, kisha kila mshono akausugua kwa nta ya mshumaa na kupitisha pasi juu ya gazeti. Koti lilikuwa jepesi, ukilikunja linaenea mfukoni. Mikononi lilikuwa na lastiki ya kubana. Na kwapani, kila upande, alitoboa matundu matano madogo, akayafunika kwa kipande cha kitambaa kilichoachwa wazi upande wa chini.

Masatu alipoyaona matundu, akamtazama fundi usoni.

"Fundi, koti la kuzuia maji lina matundu?"

"Ya hewa hayo, shemeji. Mtu akivuta nyavu juani anachemka."

"Na maji yatajuaje kwamba mlango huo ni wa hewa?"

"Wimbi linakuja kwa mbele na kwa juu. Hapo kwapani pana paa lake," alisema Nyamisi. "Lakini usiniamini kwa mdomo. Pima."

Akapima. Alilivisha koti kwenye nguzo ya kibanda, akatia unga wa muhogo kwenye mfuko wa ndani, akalimwagia ndoo tatu za maji. Unga ukatoka mkavu. Mtu mwingine angefurahi akaenda zake. Masatu alisimama pale akijiuliza kwa nini mwanamke huyu amekubali haraka hivyo koti lake lipimwe. Akalinunua shingo upande.

Jioni ile akajibanza nyuma ya choo na koti lake. Alikuwa na vipande vya tyubu ya baiskeli na gundi ya kuzibia pancha. Akaziba tundu la kwanza, la pili, mpaka yote kumi yakaisha. Hata mkewe hakumwambia. Akajiona mjanja kweli, kwamba sasa hata kama fundi ni mwongo, uongo wake ameuziba.

Kesho yake waliingia ziwani mapema. Upepo ulikuwa mkali na nyavu zilikuwa nzito, Masatu akavuta kama kawaida yake. Waliporudi mwaloni mchana, upepo wa ufukweni ukampiga, akasikia baridi mgongoni. Akapapasa fulana. Ilikuwa imelowa chepechepe, na ndani ya mikono ya koti maji yalikuwa yanacheza. Akakohoa mara moja, akakohoa mara ya pili, na hofu ikamwingia. Aliuona mtumbwi wake ukienda ziwani na mtu mwingine, yeye amekaa kitandani. Hofu ile ikageuka hasira, akaenda nayo mbio kwenye mizani, ambako watu walikuwa wanapima samaki.

"Mwenyekiti," alimwambia mzee Magesa, mwenyekiti wa mwalo, "huyu mwanamke wa Ukara anauza nimonia."

Watu wakaacha kupima. Pale Kabwera palikuwa na sheria: anayemuuzia mvuvi kifaa cha kumtia hatarini, anaondoka siku hiyo hiyo. Masatu akaeleza yote, matundu, miavuli ya kuokota, na jinsi fundi alivyokubali koti lipimwe bila hata kubisha. Huenda, alisema, ametumwa na wenye kuuza makoti ya mpira. Watu wakaanza kunong'ona, na mnong'ono juu ya mtu wa kuja huwa haukawii kukomaa.

Nyamisi alipoitwa alikuja na futi yake shingoni. Hakufoka.

"Shemeji, limelowa nje au ndani?"

"Ndani."

"Livue polepole."

Akaomba kikombe cha mwenyekiti, akaifungua lastiki ya mkono wa koti juu yake. Maji yakachuruzika, yakafika kama mafunda mawili.

"Ziwa letu halina chumvi," alisema. "Tunalinywa, tunapikia chai. Haya yaonjwe."

Mzee Magesa akanyoosha mkono apokee kikombe. Nyamisi akakizuia.

"Samahani, mzee. Aonje yeye. Akionja mwingine, kesho atasema nimemhonga. Aonje, atangaze mwenyewe. Akisema ni maji ya ziwa, nakwenda kufunga cherehani yangu, sitabishana naye."

Masatu akakishika kikombe akitafuta mtego. Akakizungusha, akakinusa. Kikombe ni cha mwenyekiti. Maji yametoka kwenye koti lake, mbele ya macho yake. Akaonja.

Chumvi.

Akaonja tena. Chumvi ile ile anayoilamba mtu mdomoni akilima mchana. Hapo ndipo alipovikumbuka vile viraka vya tyubu.

Hakuna aliyevijua. Angesema "ya ziwa", neno lingeishia hapo, na kabla ya jua kutua Nyamisi angekuwa kwenye boti na wanawe. Masatu alimtazama. Yule mwanamke hakuwa anamkodolea macho kumchunga; alikuwa anakunja futi yake tu, anasubiri. Maisha yake yote Masatu alijiandaa kwa mtu atakayemdanganya. Kwa mtu atakayemwamini hakuwa amejiandaa hata kidogo.

"Ni chumvi," alisema.

"Hatukusikii," alisema mzee Magesa.

"Ni chumvi. Ni jasho langu." Akalinyanyua koti, akaligeuza kwapa, kila mtu akaona. "Matundu nimeyaziba mwenyewe."

Watu walicheka mpaka mmoja akakalia sangara wa watu. Nyamisi hakucheka. Alitoa wembe, akavibandua viraka kimoja kimoja, akamrudishia koti lake.

"Kesho ukitoka ziwani," alisema, "pitia unionyeshe fulana."

Kesho yake akapita. Alifungua koti. Fulana ilikuwa kavu. Nyamisi akaitikia kwa kichwa akaendelea kushona, na Masatu akaendelea kuvua miaka mingi baada ya hapo. Msidhani aliacha kushuku, la hasha, paka wake alikufa mnene. Ila mtu akija mwaloni kumtuhumu mwenzake, Masatu alikuwa wa kwanza kumsimamisha na kumwambia yale maneno, bila kuona haya kwamba wote walijua yametoka wapi.

Haya, Majura. Hiyo redio, betri uliziweka wewe au dada yako? Nenda kaifungue kwanza uangalie, kisha uje tuzungumze. Kabla ya kulaumu koti, mjukuu wangu, onja maji.