Punda wa Bwana Khelef na Uwanja wa Bi Mwanatumu

Palikuwa na tajiri katika mji wa Mtangani, Bwana Khelef, aliyekuwa na kila kitu isipokuwa kiasi. Majumba anayo, maghala anayo, mashamba hayajui yote. Siku moja akaamka anautaka uwanja wa jirani yake, Bi Mwanatumu, mwuza mbaazi.

Uwanja wenyewe basi, hata kuuhadithia naona haya. Hatua ishirini kwa kumi. Lakini kibanda cha Bi Mwanatumu kimesimama humo, meko yake yamo humo, na ndio urithi pekee alioachiwa na mama yake. Ukimtoa pale humwachii hata pa kuinjikia chungu. Bwana Khelef alituma watu wamwambie auze, akakataa. Akawatuma tena. Bi Mwanatumu akawarudisha na bakuli la mbaazi, wakale na bwana wao.

Tajiri akaghadhibika, akaenda kushtaki kwa kadhi. Na kadhi wa Mtangani, Mungu amsitiri, kila Ijumaa alikuwa akila biriani kwa nani? Haya, mmeshajua.

Siku ya baraza watu wakajaa. Bi Mwanatumu akaja na kanga zake mbili. Alikuwa anaogopa, tusidanganyane. Alijua akishindwa leo, kesho atapika barabarani.

"Bwana Kadhi," akaanza Bwana Khelef, "sheria ya mji wetu inasemaje? Mtu akikalia mahali miaka kumi na miwili, wala asiondolewe?"

"Mahali hapo ni pake," akasema kadhi.

"Basi uwanja ule ni wangu. Punda wangu amefungwa pale miaka kumi na miwili."

Watu wakaangua kicheko. Kadhi hakucheka, akawatupia jicho wakanyamaza.

Na lilikuwa kweli, jamani. Masika moja upepo uliezua banda la Bwana Khelef, akamleta kwa Bi Mwanatumu punda mmoja kilema, ukurutu mwili mzima. Akasema, "Jirani, niwekee wiki moja tu." Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Bi Mwanatumu akamlisha pumba, akamwosha vidonda kwa mwarobaini, punda akapona. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu akapewa kuni, akabeba. Bwana Khelef alishanunua punda wengine wa kuringia, huyu hakumuulizia hata hali. Leo ndiyo amemkumbuka.

"Bi Mwanatumu," akauliza kadhi, "punda amekaa kwako miaka kumi na miwili?"

"Na miezi yake, Bwana Kadhi."

"Ulimfukuza?"

"Nimfukuze mgonjwa?"

"Hukumfukuza. Una la kusema?"

"Mimi sikusoma, Bwana Kadhi. Nina maswali tu, kama mtu mjinga."

"Uliza."

"Yule punda nilimpokea kwa hisani. Niliombwa wiki moja. Hisani nayo inageuka kuwa milki?"

Bwana Khelef akamwahi kadhi. "Hisani ina hati? Miaka kumi na miwili ikipita, nani alimwomba nani, kwa wiki ngapi, hayo ni masimulizi ya jikoni. Hisani imekwisha kufa. Kilichobaki ni kukaa."

"Maneno ya sheria hayo," akasema kadhi, akachovya kalamu akaandika.

Bi Mwanatumu akainamisha kichwa. Watu wakamhurumia, wakajua bibi wa watu ndiyo keshakwenda na maji.

"Na mwenye mali akija akasema, mimi nilisahau tu, sikutoa?" akauliza tena.

"Aliyesahau miaka kumi na miwili amekubali," akasema Bwana Khelef. "Mali si mwiba, useme umekuchoma usijue. Ungekuwa unautaka uwanja wako ungedai mapema."

Kadhi akaandika na hilo.

"La mwisho, Bwana Kadhi. Aliyekalia uwanja ni punda. Bwana Khelef mwenyewe hajapata kukanyaga pale tangu siku ile. Sasa alichokipata punda kinakuwaje cha mtu?"

Tajiri akacheka mpaka kilemba kikaenda upande. "Kuku akitaga, yai la nani? La mwenye kuku. Punda akipata uwanja, uwanja ni wa mwenye punda. Andika, Bwana Kadhi, huyu mama asije kuturudisha hapa kesho."

Kadhi akaandika, akapiga muhuri, akayasoma yote kwa sauti. Bwana Khelef akaitikia kila neno, "Naam, naam."

Bi Mwanatumu akajifunga kanga vizuri.

"Mmenifundisha, Mungu awalipe. Basi yule punda miaka kumi na miwili nimemlisha mimi, nimemfunga mimi, kanibebea kuni mimi, na hakuna aliyekuja kumwondoa mkononi mwangu. Niliwekewa kwa hisani, na hisani imekufa. Mwenyewe alisahau, na aliyesahau amekubali. Punda ni wangu. Na alichokipata punda ni cha mwenye punda."

Kadhi akautazama muhuri wake, wino haujakauka. Akamtazama Bwana Khelef, akaona na biriani ya Ijumaa inampita hivi hivi. Lakini watu wote wamesikia, atafuta lipi?

Bwana Khelef akamgeukia kadhi. "Bwana Kadhi, mimi nauacha uwanja, sina haja nao tena. Lakini punda yule nilimnunua kwa mkono wangu. Mwambie huyu mama anirudishie punda wangu."

"Ah, jirani yangu," akasema Bi Mwanatumu, "kwa punda tu tugombane? Njoo umchukue leo hii, nakupa kwa hisani. Nikimsahau miaka kumi na miwili, atakuwa wako."