Pandu, Tundu na Mkeka

Palikuwa na sultani mmoja, Mwinyi Zahoro, ambaye masikio yake yalichoshwa na neno moja tu: "Sikuiba." Kila mfungwa akija kukata rufaa, wimbo ni huo huo. Sikuiba, Maulana. Basi siku moja akaamka vibaya, akapiga mbiu mji mzima: rufaa ruksa, lakini marufuku kukana! Atakayetamka mbele ya kiti changu sikuiba, hukuiba au hakuiba, awe nani awe nani, miaka saba gerezani.

Sasa niambieni, wenzangu, rufaa bila kukana ni rufaa gani? Ni kualikwa karamu ukaambiwa usifungue mdomo. Wafungwa wote wakaona heri watulie. Wote, isipokuwa Pandu.

Pandu alikuwa hamali wa magunia, maskini wa kutupwa, lakini Mungu alimjaalia vitu viwili vikubwa: tumbo na ulimi. Kadhi alikuwa amemfunga miaka saba kwa kuvunja ghala la Bwana Mahfudhi na kuiba vikapu arubaini vya halua. Huyu Mahfudhi alikuwa tajiri wa halua aliyekatazwa na tabibu hata kuilamba. Na ushahidi ulikuwa nini? Eti bega la Pandu lilinukia iliki. Ala! Mtu anabeba halua kutwa kwa bega hilo hilo, ulitaka linukie dagaa?

Mkewe, Mize, alikuwa na mimba ya miezi minane. Miaka saba! Mtoto angekuja kumwona baba yake wakati anang'oka meno ya mbele. Hilo lilimuuma Pandu mpaka akalia, na alipomaliza kulia akakata rufaa.

Askari wa gereza akamcheka. "Nenda na mkeka wako kabisa, uwaage kunguni. Ukirudi utalalia miaka kumi na minne."

Pandu akaingia barazani, mkeka kwapani. Sultani akamtazama juu mpaka chini.

"Pandu, uliingia ghalani mwa Bwana Mahfudhi?"

"Naam, Maulana."

Watu wakaguna. Mize, kule nyuma, akajishika kichwa.

"Uliingilia wapi?"

"Kwenye lile tundu la ukutani alilolisema mwenye mali. Muulize, Maulana, ukubwa wake."

Mahfudhi akaonyesha kwa mikono. "Hivi. Kama sinia la kahawa."

Sultani akaitazama ile mikono. Akalitazama tumbo la Pandu. Akairudia mikono.

"Wewe, ulipitaje hapo?"

"Kadhi alishalijibu hilo, Maulana. Mimi hamali ni nani nimpinge?"

Kadhi akakohoa. "Aliingia mwembamba, Maulana. Akanenepea mle mle ndani, kwa kula halua."

"Vikapu arubaini?"

"Vyote. Ndiyo maana havikuonekana popote."

"Kweli, Pandu?"

"Naam. Na vikapu vyenyewe nikavitafuna, maana ukindu huondoa utamu mdomoni."

Mtu mmoja akacheka, askari akamkazia macho. Sultani hakucheka. Alikuwa ameanza kukuna ndevu.

"Ukishanenepa, ukatokea tundu lile lile?"

"Maulana, tundu la sinia, tumbo la pipa. Tumwonee huruma mwizi."

"Basi ulitokea mlangoni."

Mahfudhi akaruka. "Haiwezekani! Mlango wangu una kufuli tatu, na funguo zote nazivaa shingoni. Hata mke wangu hazigusi!"

"Ngoja, ngoja," akasema Sultani. "Mwizi kanenepea ndani. Tundu halimtoi. Mlango umefungwa. Si angekutwa mle mle asubuhi?"

"Naam, Maulana!" akasema Pandu. "Na mlinzi wa ghala yule pale, ndiye aliyefika wa kwanza. Muulize alimkuta nani ndani."

Mlinzi, mzee Vuai, mtu asiyejua kusema uongo wala kunyamaza, akasimama. "Nilimkuta Bwana Mahfudhi, Maulana. Kakaa chini, kalishika tumbo, analalama. Akaniambia ni uchungu wa kuibiwa."

"Peke yake?"

"Yeye na ndevu zake. Nazo zilikuwa zimegandana."

Baraza zima likageuka kumtazama Mahfudhi. Jasho lilikuwa linamtiririka, na lo, hata jasho lenyewe lilinukia iliki.

"Ilikuwa halua yangu mwenyewe!" akalia. "Mnamjua mke wangu nyie? Angejua nimeigusa ningelala nje! Ningesema nini zaidi ya mwizi? Tundu nilitoboa mwenyewe, na vikapu vilikuwa vinne tu, hiyo arubaini niliongeza!"

Sultani akajipiga kofi gotini, akasimama. "Subhanallah! Kumbe, Pandu, wewe hukuiba! Nenda zako kwa mkeo!"

"Naam, Maulana."

Mize akapiga kigelegele. Kadhi akaona hukumu yake inamfia mikononi, akaruka na kidole juu. "Amekana! Maulana, umemwambia kuwa hakuiba, naye kasema naam! Huko ndiko kukana! Miaka saba mingine!"

"Kadhi wangu," akasema Pandu, "mimi tangu nimeingia humu sina kauli ila naam. Hilo neno lililokatazwa umelisikia mara mbili. Mara moja limetoka kwako sasa hivi. Na ile ya kwanza?"

Kadhi akaziba mdomo. Watu wote wakamtazama Sultani.

Pandu akautoa mkeka kwapani, akaukung'uta, akautandika taratibu mbele ya kiti.

"Karibu, Maulana. Una kunguni kidogo, lakini kwa miaka saba mtazoeana. Kadhi, wewe utalala upande wa ukutani."