Bibi Nakijwa na Kijiji Kilichomgawa Mungu

Paukwa!

(Pakawa!)

Nyie wa karibu na mlango mmeitikia kama mliofiwa. Paukwa!

(Pakawa!)

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji mlimani chenye koo tatu. Ukoo wa Juu walikaa kwenye chemchemi. Ukoo wa Kati walichimba mfereji na kuutunza. Ukoo wa Chini walikaa bondeni kwenye migomba. Na maji yalishuka, chururu, chururu, chururu, kutoka kwa hawa hadi kwa wale.

Watu hao walikuwa na mila yao. Kila kitu lazima kigawanywe mafungu matatu. Mbuzi akichinjwa, kidari Juu, paja Kati, mbavu Chini. Asali ikirinwa, mafungu matatu. Hata ngozi ya mbuzi waliikata vipande vitatu, isimfae mtu hata kuikalia.

Siku moja akapita mwinjilisti. Akawafundisha habari za Mungu mmoja, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Wakaamini, wakabatizwa kwa furaha. Mwinjilisti akawaambia, "Watoto mtakaowazaa, wabatizeni wenyewe." Akaenda zake.

Maskini, hakuwajua watu wale. Kabla hajavuka mlima wa pili, wazee walikuwa kwenye kikao. Majina wamesikia ni matatu, na koo ni tatu. Unadhani walifanya nini?

(Wakagawana!)

Wakagawana. Juu wakamchukua Baba, kwa kuwa yuko juu. Kati wakamchukua Mwana, kwa kuwa alishuka kama maji ya mfereji wao. Chini wakamchukua Roho, kwa kuwa ndiye ahuishaye, na wao ndio wenye mashamba. Mungu akagawanywa kama mbuzi. Msicheke. Nanyi mngekuwepo mngegombea paja.

Tangu hapo kila ukoo ukabatiza kwa jina lake tu na kwa maji yake tu.

Sasa palikuwa na mwanamke akiitwa Senzota. Alizaliwa Juu, akaolewa Chini na kijana aitwaye Mbonea. Mtoto wao wa kwanza alikufa mchanga, wazee wakiwa bado wanabishana abatizwe kwa jina gani. Senzota akamzika, akaomboleza mwaka mzima. Kisha akajaliwa mwingine, wa kiume. Na kwa desturi, mtoto wa pili huchukua jina la babu mzaa mama.

Babu huyo akasema, "Jina ni langu, basi mtoto ni wa Juu. Abatizwe kwa Baba."

Wakwe wakasema, "Amezaliwa bondeni. Abatizwe kwa Roho."

Kati nao wakadakia, "Njia kutoka Juu hadi Chini ni mfereji wetu. Abatizwe kwa Mwana."

Maneno yakawa maneno. Babu akapandwa na hasira, akaziba lango la chemchemi kwa mawe na udongo. Pu! Pu! Pu! "Hadi mnipe mjukuu wangu, maji hayashuki."

Mfereji ukakauka. Migomba ikainama. Bondeni watu wakanywa maji ya dimbwi walimolala ng'ombe. Senzota maziwa yakampungua, na kilio cha mtoto kikawa chembamba, chembamba. Mama wa watu akamshika mumewe mkono. "Mbonea, huyu naye nitamzika bila ubatizo? Siwezi tena. Nakwambia siwezi."

Mbonea akakimbilia kwa Bibi Nakijwa.

Huyo Bibi Nakijwa ndiye ninayewasimulia habari zake leo. Alikuwa mkunga wa koo zote tatu. Hata wale wazee wenye ndevu, yeye ndiye aliyewapokea duniani wakiwa uchi, kwa hiyo hakuwaogopa. Akashika fimbo yake, akapanda mlima. Ko, ko, ko. Akapumzika. Ko, ko, ko. Akafika uani kwa yule babu.

"Hodi, Kalage."

Mzee akashtuka. Jina hilo lilikuwa la ujana wake. Tangu binti yake azaliwe, kijiji kizima kilimwita Baba Senzota.

"Shikamoo, Bibi. Mbona unaniita kama mtoto?"

"Marahaba. Nikuite nani?"

"Si Baba Senzota? Wewe mwenyewe ndiwe uliyenipa jina hilo, siku ulipomtoa mtoto nje nimwone."

"Senzota yuko bondeni, midomo imempasuka kwa kiu, na wewe ndiwe uliyemfungia maji. Umemkata. Ukishamkata Senzota, ubaba unaupata wapi? Wewe ni Kalage tu."

Bibi akakaa kwenye kigogo, akajipangusa jasho.

"Kalage, mnasema Baba ni wenu peke yenu, Mwana ni wa wengine. Haya, nifahamishe mie mjinga. Huyo Baba wenu asiye na Mwana, ni Baba wa nani?"

Mzee akageuka kutazama lango aliloliziba.

"Na huyo binti yako," Bibi akaendelea taratibu, "unampenda?"

Machozi yakamtoka yule mzee. "Nampenda, Bibi. Tangu nizibe lango sijalala."

"Upendo huo ni fungu la nani? Ni wako, au wa Senzota?"

"Ni wetu. Haukatiki."

"Mungu ndivyo alivyo, tena zaidi. Baba si Mwana, Mwana si Roho, lakini ukimshika mmoja umemshika Mungu mzima. Na mfano wangu una kilema, usiukariri. Wewe ulikuwa Kalage kwanza, ndipo ukawa baba. Yeye hakuna siku aliyokuwa peke yake. Hajawahi kuwa Baba bila Mwana, wala hajawahi kukosa Roho. Mimi mkunga, hapo ndipo akili yangu inapiga magoti."

Mzee akainuka. Hakutafuta jembe. Alifukua udongo kwa kucha, akasukuma mawe kwa kifua. Maji yakatoka. Chururu, chururu, chururu. Akateremka nayo bega kwa bega, matope hadi kiunoni. Alipopita Kati, watu wakatoka wakamfuata. Walipofika bondeni walikuwa kijiji kizima.

Akasimama mlangoni kwa binti yake, aibu imemjaa. "Senzota."

Watu wote wakasikiliza.

"Senzota, mwanangu. Nimekosa."

Kutoka ndani ikasikika sauti dhaifu. "Abee, baba."

Mzee akaanguka magotini, akalia mbele ya wakwe zake bila kujali.

Senzota akanywa maji, akanyonyesha. Kisha akatoka na mtoto. Bibi Nakijwa akakinga maji kwa kiganja, akambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, bila kuruka hata mmoja. Mtoto akapiga ukelele wa kupasua masikio. Mbonea akacheka huku analia.

Wazee wakatazamana. Mmoja wa Kati akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, na wale wetu tuliowabatiza kwa fungu?"

"Waleteni," akasema. "Si maji yanashuka?"

Wakaletwa, wakubwa kwa wadogo, hadi kiganja cha Bibi kikakunjamana. Na mtoto yule akakua, akawa mzee kuliko nyote mlioketi hapa. Kila alipoulizwa, "Wewe ni wa ukoo gani?" alijibu, "Mimi ni wa maji yale."

Haya, mmesikia. Mungu hagawanyiki, na anayetaka fungu lake peke yake hupoteza lote. Mkitaka kumjua, anzeni kwa kumfungulia yule mliyemzibia. Hadithi yangu mimi imeishia hapo hapo, mwenye kiu anywe.