Dereva wa Maziwa Aliyebadilisha Gia Boksi

Wapendwa, leo sitawahubiria ngamia wala mizabibu, maana hapa hakuna aliyewahi kufuga ngamia. Nitawahubiria gari. Na wewe unayejisemea moyoni, "Mimi sina gari, leo nimepona," kaa hapo hapo, nakuja.

Kulikuwa na dereva mmoja aliyekuwa anabeba maziwa. Gari lake lilikuwa la zamani, yale ya bodi ngumu yanayopanda milima. Kila asubuhi alikusanya maziwa kwa wafugaji wa huko juu, akayapeleka mjini kwenye kituo cha kupozea. Lakini kati ya wafugaji na mji kulikuwa na bonde. Upande wa kushukia ni mawe matupu. Chini kuna kijito na vijumba kama thelathini hivi. Upande wa kupandia ni udongo mwekundu, mvua ikinyesha unateleza kama mlenda. Mlima huo watu waliubatiza Sali-Kwanza, na hakuna mgeni aliyeuliza mara mbili kwa nini.

Sasa nivumilieni kidogo, ninyi msiojua magari. Gari la namna ile lina gia boksi mbili. Ile kubwa mnaijua. Ile ndogo kazi yake ni kugawa nguvu: ziende tairi za nyuma tu, au ziende zote nne. Ya dereva wetu ilikuwa ya kizamani. Ukiiamuru izungushe tairi zote nne juu ya mawe makavu, inalia, na mwisho itakatika meno. Kwa hiyo ilimbidi ashuke kwenye mawe kwa tairi mbili hivyo hivyo, avuke kijito, asimame. Halafu atoke garini, apige magoti kwenye matope, azungushe kwa mkono kile kifungo cha katikati ya tairi ya mbele kushoto. Anyanyuke, azunguke gari, apige magoti tena, afunge na cha kulia. Ndipo apande, avute mti wa gia, aanze mlima. Na bado! Katikati ya mlima mti wenyewe unachomoka, gari linarudi kinyumenyume, madumu yanagongana, dereva anaita majina yote ya Mungu anayoyajua. Hapo wanaume wa bondeni wanatoka na kamba na majembe. "Haya! Moja, mbili, twende!" Wanasukuma mpaka kileleni, wanapigwa matope usoni, wanacheka.

Mkuu wa wasukumaji alikuwa seremala mmoja, mtani wa dereva. Utani wao ulikuwa wa tangu ujana. Seremala alikuwa akisema, "Mtani, gari lako ni punda. Tofauti ni moja tu, punda anajua kwao." Na dereva anajibu, "Sukuma, mtani, kwenu hata punda hamna."

Sasa niambieni, wakati dereva amepiga magoti pale, nini kilikuwa kinatokea? Watu walikuwa wanakuja! Huyu anamwambia, "Nipitishie dawa ya macho." Yule ana barua ya mwanawe aliye shule. Mwingine anaumwa jino, anapanda mbele. Bondeni hakukuwa na kituo cha gari wala hakukuwa na simu inayoshika. Kituo chao kilikuwa zile dakika tano za dereva kuchafua suruali. Wenye wagonjwa walijua: mfikishe kijitoni saa moja na nusu, gari la maziwa lazima lisimame.

Dereva mwenyewe alichoka. Nani asingechoka? Siku mbili za mvua alichelewa, maziwa yakakataliwa, yamechacha, akayamwaga mtaroni wafugaji wakimwangalia. Akaenda kwa fundi mjini. Fundi akamwambia, "Baba, tutoe hii gia boksi ndogo, nikuwekee ya kisasa. Tairi zote nne zinavuta muda wote, kwenye mawe, kwenye matope, haijali. Ukitaka nguvu zaidi unavuta mti mdogo wa gia ukiwa umekaa. Hata ukisimama katikati ya ule mlima wenu, inaondoka."

"Na vile vifungo vya tairini?"

"Navitoa. Hushuki tena. Utafika mjini na shati jeupe."

Basi ikawekwa. Siku ya kwanza alivuta mti mdogo akiwa bado huko juu, akateremka, akavuka kijito, akaupanda Sali-Kwanza bila kusimama, polepole kama kinyonga, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Watu wa bondeni walitoka wakapiga makofi. Walifurahi, jamani! Walimfurahia kana kwamba gari ni la kwao. Akawapigia honi.

Siku ya pili akawapigia honi. Wiki ya tatu, honi tu. Maziwa yakawa yanafika mapema, kituoni wakamsifia. Siku moja akakutana na yule seremala mnadani. Seremala akamwambia, "Mtani, siku hizi unatupita kama msafara wa waziri."

"Mtani, kwenye ule mlima ukisimama umekwisha!"

"Si ulisema hili sasa linaondoka popote?"

Dereva akacheka, akampiga bega, akaenda zake. Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlishike hilo. Ungemwuliza, angekwambia anawapenda watu wa bondeni, na angekuwa anasema kweli.

Ikaja asubuhi moja ya mvua kubwa. Binti wa seremala alikuwa amejifungua alfajiri, mtoto mzima, wa kiume. Lakini damu ya mama ilikuwa haikatiki. Mkunga akasema, "Hapa mimi nimefika mwisho, huyu ni wa hospitali." Wakafunga miti miwili na blanketi, wakambeba wanaume wanne mpaka kijitoni. Saa moja na nusu. Wakasikia gari linateremka kwenye mawe. Seremala akawaambia, "Atasimama. Mvua hii atatuona."

Na kweli aliwaona. Kupitia kioo chenye ukungu aliona wanaume wamesimama kwenye mvua, mikono juu, wanapunga. Na unafikiri aliwaza nini? Miaka yote, wanaume wa bondeni wakitoka kwenye mvua, wametoka kusukuma. Moyo wake ukajaa. Akasema peke yake, "Hawa watu, hawajaamini tu." Akateremsha kioo kidogo akapaza sauti, "Sihitaji kusukumwa leo! Linapanda lenyewe!" Akapandisha kioo.

Gari likaanza mlima. Akasikia bodi inapigwa kwa nyuma. Pa! Pa! Pa! Akatazama kwenye kioo cha pembeni, akamwona seremala anakimbia na gari, ameinama, mikono yote miwili kwenye bodi. Dereva akacheka mpaka akakohoa. "Mtani huyu! Mazoea yana taabu!" Seremala akateleza, akaanguka kifudifudi kwenye matope. Dereva akampigia honi mbili za utani, akaendelea.

Twende naye mjini.

Maziwa yalifika salama. Alikunywa chai na chapati, akasifiwa, akageuza. Mvua ilikuwa imekatika. Alipofika kileleni pa Sali-Kwanza aliwakuta kando ya njia, wamekaa, matope mpaka viunoni. Wameupanda mlima ule kwa miguu na machela begani. Na kwenye machela, khanga imefunika mpaka usoni.

Dereva akashuka. Safari hii alishuka.

"Mtani, kuna nini?"

Seremala hakumwita mtani. Alisema, "Dereva, tulikuwa tunakuita."

"Nilidhani... nilidhani mmetoka kunisukuma."

"Alikuwa bado anaongea," seremala akasema. "Uliponipigia honi, alikuwa bado anaongea. Alisema, baba, gari lile, tumepona."

Yule dereva alilia pale barabarani, mtu mzima, amejishika kichwa. Akawapakia, akawarudisha bondeni, akachimba kaburi pamoja nao. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Angelala vizuri zaidi.

Baada ya matanga akaenda kwa fundi. "Itoe hii kitu. Nirudishie gia boksi yangu ya zamani."

Fundi alikuwa amesikia. Habari kama hizo hazihitaji gari ili zifike mjini. Akafuta mikono, akamwambia kwa upole, "Baba, naweza kukurudishia. Lakini nisikudanganye. Ile ya zamani ilikuwa inakulazimisha usimame. Hii ilikupa uwezo wa kusimama popote unapotaka. Hukutaka."

Hakuirudisha. Tangu siku ile, kila asubuhi akivuka kijito anasimama. Anashuka, anakaa kwenye jiwe, dakika tano, kumi. Anasubiri mtu aje na barua, na jino bovu, na chochote. Hawaji. Siyo kwa chuki. Wamempokea, wamemsamehe, akiwasalimia wanaitikia vizuri. Ila wameshatafuta njia nyingine, ya kuzunguka kwa miguu nyuma ya mlima, saa nne nzima, na ndiyo wanayopita na wagonjwa wao. Mtu akipitwa sana, anaacha kuita.

Sasa, nilisema nakuja kwako usiye na gari. Nimefika. Ulipokuwa huna bomba, mlikutana kisimani, ukajua nani mumewe amerudi na nani hajala. Sasa bomba limeingia uani, na jirani yako ameugua wiki tatu, umesikia leo hapa kwenye matangazo. Ulipokuwa huna kiberiti ulienda kuomba moto, ukaona mtoto wa watu amevimba miguu. Mungu ametuinua, wapendwa, na tulimwomba wenyewe atuinue, wala si dhambi. Lakini shida ndiyo iliyokuwa inatushusha garini. Shida imeondoka. Je, upendo umewahi kutushusha?

Na mimi nisijifiche nyuma ya mimbari hii. Nilipokuwa natembea kwa miguu, kutoka kwangu mpaka hapa nilikuwa nasimamishwa nyumba nane. Nilinung'unika, mnajua nilivyonung'unika. Mkaninunulia pikipiki, Mungu awabariki. Mwezi wa tano nilimpita mama mmoja wa kanisa hili, amesimama mlangoni, amenyanyua mkono. Nikamjibu kwa honi. Alhamisi iliyofuata nilimzika. Mpaka leo sijui alikuwa ananisalimia au alikuwa ananiita, na wa kumwuliza hayupo.

Basi kabla hatujaomba, mgeukie aliye karibu nawe. Mwulize habari za nyumbani kwake, kama unavyomwuliza kila Jumapili, ila leo usimwachie mkono mpaka akujibu.